Mjerumani Mmoja, Wajerumani Wawili

Katika karibu miaka arobaini ya kufundisha historia, hakuna methali niliyokutana nayo katika insha za wanafunzi mara nyingi kama ile isemayo kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mwanafunzi akiulizwa habari za Vita Baridi, ataianza insha yake kwa methali hiyo. Akiulizwa juu ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ataimalizia insha kwa methali hiyo hiyo. Niliweka alama ya vema, maana methali haikukosewa, ila sikupata kuridhika nayo hata siku moja. Nyasi hazina la kuamua. Hazikubali wala hazikatai, na tembo wakishaondoka hazidaiwi chochote. Watu waliotuzaa hawakuwa hivyo. Walikubali baadhi ya mambo na kukataa mengine, tena kila walipokataa walidaiwa, na deni likalipwa, aghalabu na watu ambao hawakuwapo siku ya kukataa.

Mimi ni Mngoni wa Songea, na sasa nina umri wa miaka sabini na sita. Nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimezaliwa chini ya utawala wa Mwingereza. Bibi yangu, mzaa baba, alizaliwa kabla Mjerumani hajajenga boma lake Songea mwaka 1897, na alifariki tukiwa tumekwisha kujitawala. Kwa hiyo mambo ambayo vitabu huyatenganisha katika sura mbalimbali, yaani vita vya Maji Maji katika sura moja na ugomvi wa mataifa makubwa katika sura nyingine mbali kabisa, mimi niliyasikia yakizungumzwa katika ukumbi mmoja, jioni moja, na watu wa ukoo mmoja. Nitayaeleza kadiri ninavyoyafahamu.

Nianze na swali la darasani. Mwaka 1992 nilikuwa nimekwisha kushika ukuu wa chuo, lakini sikuacha kufundisha vipindi vyangu vinne kwa wiki, kwa sababu mkuu asiyeingia darasani huanza kuamini taarifa anazoandikiwa. Mwanachuo mmoja, kijana mwenye akili nyingi na ulimi mwepesi, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hao wazee wetu walikuwa wajinga kiasi gani hata waamini kwamba risasi itageuka maji?" Darasa zima likacheka. Sikuwakemea. Hawa walikuwa walimu wa kesho, na swali walilolicheka wao wangekuja kuulizwa na watoto wa darasa la sita, wakashindwa kulijibu.

Nikawaambia, kabla ya kuliuliza maji, tuiulize pamba. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya kulazimishwa katika sehemu za kusini na pwani. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilime kwa zamu huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Hesabu ya mwaka wa kwanza ilipofungwa, mlimaji katika wilaya ya Dar es Salaam aliwekewa senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima, na wako waliokataa hata kuzipokea. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya nyumba, rupia tatu, na kulikuwa na kiboko, ile hamsa ishirini ambayo wazee wa pwani waliitaja kwa jina hilo mpaka walipozikwa. Umatumbi, mwezi Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Vita vilianzia hapo. Silaha ya kwanza ya Maji Maji ilikuwa mikono mitupu kwenye shina la pamba.

Ndipo tukafika kwenye maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji, mafuta ya mbarika na mtama. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, na hata hivyo maji yaliendelea kusafiri pasipo yeye, yakivuka mto baada ya mto, mpaka yakafika kwa watu ambao hawakupata kumwona na ambao lugha yake hawakuielewa. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine walioyapokea hawakuwa na mfalme mmoja, wala soko moja, wala hata sababu ya kuaminiana. Nikamuuliza yule kijana: wewe ungewaunganisha kwa nini? Kwa barua? Kwa redio? Ungempa Mmatumbi na Mngoni kitu gani cha kuonyesha kwamba leo wako upande mmoja? Alifikiri kidogo, akasema, "Labda ningewapa kitu cha kunywa." Darasa likacheka tena, safari hii kicheko cha namna nyingine.

Sipendi hata hivyo kuwapamba wazee. Wakati ule sisi Wangoni tulikuwa watawala wa wengine. Tulitoka kusini katika karne ya 19, tukawatiisha wenyeji tuliowakuta, Wandendeule miongoni mwao, tukala jasho lao. Mjerumani alipotuvunja nguvu, wako waliofurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Katika darasa lile alikuwamo msichana wa Kindendeule, naye alisema kwa upole ambao ulinifurahisha sana kwamba kwao hadithi ya Maji Maji haisimuliwi hivi. Nikampa kipindi kizima cha wiki iliyofuata. Alikifundisha vizuri kuliko mimi.

Ungoni maji yaliletwa na mtu aliyeitwa Omari Kinjala. Wako viongozi waliosita, wako walioyapokea kwa mikono miwili. Mwezi Oktoba 1905 Wajerumani walilishambulia kundi kubwa la Wangoni lililokuwa limepiga kambi, kwa bombom, kama wazee walivyoziita bunduki za rashasha, wakaua mamia, wanaume kwa wanawake na watoto. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea mjini ambapo leo pana makumbusho, walinyongwa viongozi na wapiganaji zaidi ya sitini, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa, na ukoo wake unasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Haya yako vitabuni na kila mwaka tunayakumbuka kwa gwaride na hotuba.

Ambalo gwaride halilikumbuki sana ni njaa. Waliokufa kwa risasi na kwa kamba hawakuwa wengi kama waliokufa kwa tumbo. Wajerumani walichoma maghala, wakavuna au kuteketeza mazao mashambani, wakazuia watu wasilime mpaka wajisalimishe. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya katika vurugu za vita. Afisa wao mmoja aliyekuwa huku kusini, Kapteni Wangenheim, aliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowalaza watu hawa moja kwa moja. Hesabu ya serikali yao wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa, na mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyetembea vijijini akisikiliza wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Bibi yangu aliishi katikati ya hesabu hiyo. Alikuwa msichana wa kama miaka kumi, wa kutosha kumbeba mdogo wake mgongoni. Baba yake alinyunyiziwa maji na akauawa katika ile kambi ya Oktoba. Mdogo wake alifia mgongoni mwake, naye aliendelea kumbeba hadi jioni kwa sababu mama yake alikuwa amekwenda kuchimba mizizi porini na hapakuwa na mtu mzima wa kumpokea maiti. Hili alinieleza mara moja tu, nikiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, na alilieleza huku anapepeta mahindi, bila kusimamisha ungo.

Jambo la pili alilonieleza ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa historia. Mjomba wake, yaani kaka wa mama yake, alikuwa mpagazi wa Wajerumani. Vita vilipoanza hakukimbia boma. Alibaki, akabeba mizigo yao, na pengine alibeba hata zile risasi, nani ajuaye. Katika miezi ya njaa mjomba huyo alikuja usiku mara tatu na kikapu cha mahindi kutoka bomani. Bibi, mama yake na dada yake mmoja waliokoka kwa mahindi hayo. Baba yake alikuwa shujaa, naye alikufa. Mjomba wake vitabu vyetu vingemwita kibaraka, naye ndiye aliyewalisha. Nilimuuliza: "Bibi, wewe ulimpenda nani?" Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia jikoni. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kiume, "wewe hujapata kushinda na njaa."

Mahindi yale ya boma ndiyo yaliyonizaa mimi. Sijapata kuyaonea haya wala kuyatafutia udhuru.

Sasa nivuke miaka sitini. Desemba 1956 Mwalimu Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa akadai uhuru wa Tanganyika, na katika hotuba ile aliwataja watu wa Maji Maji: kwamba walipigana kwa sababu hawakukubali kuwa mzungu ana haki ya kumtawala mtu mweusi. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya misheni, na mapadri waliotufundisha walikuwa Wajerumani. Wazee kama Bibi waliwaamkia vizuri, wakahudhuria misa yao, wakawauzia mayai. Kama kulikuwa na kinyongo kilifungwa mahali ambapo sisi watoto hatukukiona.

Kumbe duniani Mjerumani alikuwa amekwisha kuwa wawili. Baada ya Hitler kushindwa mwaka 1945, nchi yake ilikatwa na washindi, na kufikia 1949 kulikuwa na Ujerumani ya Magharibi iliyo upande wa Marekani na Ujerumani ya Mashariki iliyo upande wa Urusi ya Kisovieti. Hizi mbili hazikutambuana. Tangu 1955 serikali ya Bonn ilishika kanuni iliyoitwa ya Hallstein, kwa jina la ofisa wao mmoja: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ya Mashariki, Bonn itaiona kuwa imefanya kitendo cha uadui, na huenda ikavunja uhusiano nayo. Kwa nchi changa yenye njaa ya misaada, kanuni hiyo ilikuwa fimbo.

Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani wa huko walikuja na wataalamu na mipango ya kujenga nyumba, zile fleti za Kikwajuni na Kilimani ambazo zipo mpaka leo. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa na Wajerumani wa Magharibi, waliokuwa wakitusaidia kuunda kikosi cha anga na kutoa mafunzo ya ulinzi wa pwani. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi hizi mbili zikaungana. Hebu fikiri, ndugu msomaji: nyumba moja imeoa kwa mahasimu wawili, na kila mkwe anasema mwenzake atolewe nje. Mwalimu alitafuta njia ya katikati. Ubalozi wa Mashariki ulioko Zanzibar ufungwe, Dar es Salaam pawepo ubalozi mdogo tu, pasipo kuitambua serikali yao rasmi. Hilo likaamuliwa Februari 1965. Bonn haikuridhika hata kidogo, ikawaondoa wataalamu wake wa kijeshi ghafla. Mwalimu, badala ya kwenda kubembeleza, akawaambia wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao. Ya makanisa na ya watu binafsi ilibaki, ndiyo maana mapadri wetu hawakuondoka. Ila ile ya serikali, basi.

Mambo haya nisingeyafuatilia sana wakati ule, maana nilikuwa na miaka kumi na sita na mtihani wa darasa la nane mbele yangu, kama si kwa sababu ya kaka yangu. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, aliyenizidi miaka mitano. Mwishoni mwa 1964 alichaguliwa kuwa miongoni mwa vijana wa kufundishwa urubani na Wajerumani wa Magharibi. Katika kijiji chetu hakuna aliyekuwa amepata hata kupanda ndege. Baba mkubwa aliuza ng'ombe mmoja ili kijana asiende Dar es Salaam na nguo za aibu. Na ghafla walimu wake wakafunga mizigo, vijana wakaambiwa wangoje. Aliingojea miezi mitatu, kisha akarudi nyumbani na sanduku lake la bati.

Jioni ile nilikuwapo. Bibi aliketi mkekani, kaka kwenye kigoda, sisi wengine mlangoni.

"Hao waliokufukuza," Bibi aliuliza, "ni Wajerumani walewale wa bomani?"

"Hawakunifukuza, Bibi. Wameondoka wenyewe. Na Mwalimu amewaambia waende na vyao vyote. Tena siku hizi Wajerumani ni wa aina mbili, wa Mashariki na wa Magharibi, na hawasemezani."

"Nani aliwagawa?"

"Warusi, Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Baada ya vita."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kumbe nao hugawanywa!" Kisha akanyamaza kitambo, akauliza swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa katika mkutano wa hadhara wala katika kitabu cha kiada. "Mwalimu amewakatalia. Vema. Sasa ghalani mna nini?"

Kaka hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Baadaye mwaka ule ule Wakanada walikuja kushika kazi ya kufundisha kikosi cha anga, lakini kaka hakuitwa tena. Alijifunza udereva, akaendesha malori katika barabara za kusini kwa zaidi ya miaka thelathini, zile barabara za mchanga na matope ambapo safari ya siku mbili ilikuwa ya wiki. Hakuwa mtu wa kulalamika. Siku moja tu, miaka ya themanini, tukiwa tumekwama njiani, alisema kwamba yeye amelipia msimamo wa nchi kwa ndege moja, na kwamba hakumbuki kuombwa ridhaa.

Mwaka 1965 haukuishia hapo. Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia tarehe 11 Novemba, na Tanzania, kwa kuitii kauli ya nchi huru za Afrika, ilivunja uhusiano na Uingereza tarehe 15 Desemba. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni saba na nusu ukazuiwa. Wajerumani Februari, Waingereza Desemba. Sijui kama kuna nchi maskini nyingine iliyojikatia matawi mawili makubwa namna hiyo katika mwaka mmoja. Azimio la Arusha la 1967 liliposema kwamba kutegemea zawadi na mikopo ni kuhatarisha uhuru, wengine walilisoma kama nadharia. Sisi nyumbani tulilisoma huku tukimtazama kaka.

Hapa ndipo nataka kusema jambo ambalo nililielewa polepole. Mwalimu aliweza kukataa, kwa ujasiri wake, sikatai, lakini pia kwa sababu dunia ya wakati ule ilikuwa na milango zaidi ya mmoja. Reli ya kwenda Zambia inatosha kuwa mfano. Benki ya Dunia ilisema haina faida. Nchi za Magharibi hazikuitaka. Wachina, ambao wakati huo walikuwa wamegombana na Warusi na walikuwa wanatafuta rafiki popote, walikubali. Mkataba ulitiwa sahihi Septemba 1967, ujenzi ukaenda kutoka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba. Wamarekani nao, wasije wakaachwa nyuma, wakasaidia kutia lami barabara ya kuelekea huko huko. Barabara na reli zikaenda kwa jirani, kila moja ikimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana karibu na Makambako, nikawaona Wachina wale. Waliamka kabla yetu, walilima mboga zao wenyewe, hawakuingia vilabuni. Na gharama za kazi za hapa nchini zililipwa kwa njia ya ajabu kidogo: China ilituletea bidhaa kwa mkopo, sisi tukazinunua madukani, na fedha ile ndiyo ikalipa mishahara ya vibarua. Ndiyo sababu kila nyumba ikawa na chupa ya chai yenye maua makubwa mekundu, beseni la bati lililopakwa rangi, na mwenye bahati akawa na baiskeli ya Phoenix. Niliponunua chupa yangu ya chai nilikuwa nimejenga, kwa hesabu yangu, futi kadhaa za reli. Mafundi wa Kichina zaidi ya sitini walifia nchini katika kazi ile, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa hivyo hivyo. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita Septemba 1964, na wakimbizi wakavuka kuja kwetu na watoto na magunia. Wapiganaji waliofundishwa Nachingwea walibeba silaha za Kirusi na za Kichina, mwaka ule ule wa 1969 ambao Warusi na Wachina walikuwa wakipigana risasi mpakani kwao kwenye mto Ussuri. Mreno, aliyekuwa ndani ya NATO, alikuwa na silaha za upande wa pili. Kila tembo alidhani anamtumia mtu wa Msumbiji. Lakini vijana niliozungumza nao walijua vizuri sana wanachotaka, na hakikuwa Moscow wala Peking. Walitaka kurudi Niassa wakalime.

Wazee wa 1905 hawakuwa na mlango wa pili. Huku kusini hapakuwa na Mrusi wa kumpa Kinjikitile bunduki, wala Mchina wa kumjengea reli, wala Umoja wa Mataifa wa kwenda kumsikiliza. Ng'ambo ya mto alikuwapo Mreno, na kaskazini Mwingereza, na wote walikuwa wamekubaliana Berlin. Mtu aliyefungiwa chumba chenye mlango mmoja, na mlangoni amesimama mwenye kiboko, atautafuta mlango wa pili hata ndani ya chungu cha maji. Hilo ndilo nililomwambia yule kijana wa 1992 kabla kengele haijalia. Na mwaka aliouliza haukuwa wa kawaida. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeangushwa Novemba 1989, Ujerumani zikarudi kuwa moja Oktoba 1990, Urusi ya Kisovieti ikavunjika Desemba 1991, na Tanzania, ambayo tangu 1986 ilikuwa imekwisha kukubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ilijikuta tena katika chumba chenye mlango mmoja. Chuoni kwangu tuligawana chaki kwa kuivunja vipande. Kaka, aliposikia redioni kwamba Wajerumani wameungana, alisema tu, "Bibi angecheka."

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Aliweka shada makumbusho, alikutana na ukoo wa Songea Mbano, akasema kwamba anaona aibu na akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zetu. Aliahidi pia kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna. Mimi nilikaa mbali kidogo, kwenye kivuli, kwa sababu ya miguu yangu. Wako waliolia, na wako walionung'unika kwamba maneno hayajazi ghala. Mimi nilimfikiria zaidi yule mtoto aliyefia mgongoni mwa dada yake. Hakuwa na jina katika orodha yoyote, na hata Bibi hakupata kulitaja jina lake mbele yetu.

Miezi michache baadaye mwalimu kijana wa shule ya msingi ya jirani alikuja nyumbani. Alitaka notisi za Maji Maji, akasema za kwenye kitabu watoto wanazikariri na kuzisahau. Sikumpa notisi. Nilimpa karatasi niliyoiandika zamani, nikiwa mwanafunzi wa ualimu, niliyoyaandika kutoka kinywani mwa Bibi: majina ya Kingoni ya mizizi, majani na matunda ya porini waliyokula mwaka ule, mojamoja, na namna ya kukipika kila kimoja ili kisimuue mtu, kipi cha kulowekwa siku mbili, kipi cha kuchemshwa na kumwaga maji mara tatu. Ming'oko kila mtu anaifahamu. Mengine mimi mwenyewe sijapata kuyaona. Yule mwalimu amekuwa akiwapeleka watoto wake kwa wazee wa vijiji vya jirani, Jumamosi, na ile karatasi. Majina yako kumi na moja. Mpaka juma lililopita walikuwa wamepata saba.